Kijana Anapoliacha Kundi la Utoto Wake

Jumamosi moja jioni, mazoezi ya kwaya yalipokwisha na watoto walipokwenda zao, kijana mmoja wa hapa Buluo alibaki nyuma kanisani, akijifanya anapanga vitabu vya nyimbo. Vitabu vilikuwa vimekwisha kupangwa. Nikamwuliza, "Mwanangu, una neno gani?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nataka kuwaacha wenzangu."

Nilijua anasema juu ya nini. Yeye na vijana wengine watano walianza kupiga muziki wangali wadogo, siku zile walipokuwa wakifundishwa kwa ajili ya Komunyo ya kwanza. Ngoma yao ilikuwa debe la mafuta, na gita lao lilikuwa kipande cha ubao chenye nyuzi za waya wa breki za baiskeli. Baadaye walinunua gita la kweli kwa fedha walizozichanga wote sita: huyu alibeba mizigo sokoni, huyu aliosha magari, huyu aliuza maandazi ya mama yake. Yule kijana ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote, basi gita likakaa nyumbani kwake. Sasa ana umri wa miaka 18. Ametunga nyimbo zake mwenyewe, naye anataka kuziimba peke yake. Wenzake walipopata habari walikasirika sana. Wakamwambia, "Nenda, lakini gita ni letu. Na nyimbo pia ni zetu."

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia aje tena baada ya juma moja, nami nikaenda nyumbani kufikiri. Mambo niliyoyafikiri ndiyo haya ninayowaandikia, wasomaji wapenzi, kwa maana najua kwamba katika parokia nyingi yupo kijana wa namna hii, na wapo wenzake wanaoona uchungu, na wapo wazazi wasiojua waseme nini.

Mtu wa mji wetu

Mtu akitaka mfano wa mwimbaji aliyesimama peke yake na gita lake, hana haja ya kwenda mbali. Mfano huo ni wa mji wetu wenyewe. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa Wayeke, watu ambao wazee wao walitoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Akaja kukaa Jadotville, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Likasi. Jina lake la ubatizo ni la Mtakatifu Yohane Bosco, yule padri wa Torino aliyewakusanya vijana maskini na kuwafundisha sala, kazi za mikono na muziki pia. Nao wanawe, Mapadri Wasalesiani, wamekuwako Katanga tangu mwaka 1911.

Mwaka 1952 alifika mjini Jadotville mtu mmoja jina lake Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka nchi nyingi za Afrika na mashine yake ya kunasa sauti, akikusanya nyimbo za watu. Alimkuta Mwenda barabarani na gita lake. Mwenda alikuwa kijana wa miaka 22. Tracey akanasa nyimbo zake, na mojawapo, iitwayo Masanga, ikatolewa katika sahani ya santuri na kusikika katika nchi nyingi. Mwaka ule ule ilipata tuzo ya Osborn iliyotolewa kwa muziki bora wa Kiafrika. Hata leo wapiga gita wa Ulaya na Marekani hujifunza Masanga, kidole kwa kidole, nao wengi wao hawajui Likasi iko upande gani wa dunia.

Hapo kijana msikilizaji husema moyoni, "Tazama! Alikuwa peke yake, akafanikiwa. Nami nitakuwa hivyo." Lakini ngoja kwanza, ndugu yangu. Sikiliza vizuri ile sahani.

Gita lililobeba kazi ya wengi

Mwenda alipiga gita kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene, kikishika mwendo kama vile ngoma kubwa inavyoushika. Kidole cha shahada kilipiga nyuzi nyembamba, kikitoa wimbo wenyewe na kuuzungusha. Sauti hizi mbili hazigongani. Kila moja yashika njia yake, nazo hukutana mahali panapopasa. Masanga ya mwaka 1952 haina maneno hata moja, lakini mtu akiisikiliza bila kuambiwa aweza kudhani kwamba wanaopiga ni wawili au watatu. Tena ilikuwa desturi katika miji ya Katanga kwamba mpiga gita akiimba, rafiki yake huketi karibu akigonga chupa tupu ili kushika mapigo.

Tazameni basi. Mtu tunayemwita mpiga gita wa peke yake hakuzifuta kazi za wenzake. Alizichukua zote mwenyewe, kazi ya ngoma, kazi ya mwimbaji na kazi ya mwenye kuitikia, akaziweka katika vidole viwili. Anayekaa katika kundi aweza kusahau mapigo kidogo, na mwenzake atamshikia. Akikosa sauti, wengine watamfunika. Anayesimama peke yake hana wa kumfunika. Kila kosa lasikika, na kila jambo jema alilolipata kwa wenzake lasikika pia.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo kijana apaswa kujiuliza ni hili: "Je, nimejifunza kazi za wenzangu wote, au nimejifunza yangu tu?" Maana mtu aliyeijua sehemu yake tu, akitoka, hutoka na kipande cha muziki.

Jambo jingine. Mwenda hakuiacha kazi yake upesi ili ale kwa gita. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya ofisini kama watu wengine, na nyimbo alizipiga baada ya saa za kazi. Baadaye, jina lake lilipokwisha kuwa kubwa, alisafiri mbali: alikaa Nairobi kwa muda mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1969 alipiga gita katika tamasha la Newport huko Marekani mbele ya umati wa watu. Walakini mtu huyo huyo aliyesifiwa kwa kusimama peke yake alirudi Likasi, akaanzisha bendi yenye magita ya umeme, nayo iliitwa Super Shaba. Alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1990 alikuwa ameishi namna zote mbili, ya mtu mmoja na ya watu wengi. Njia ya kurudi kwa wenzake hakuifunga.

Masengo na mwanzo wake katika kundi

Mwenda alikuwa na ndugu yake, Édouard Masengo, naye mpiga gita. Huyu yuko karibu zaidi na kijana wetu wa Buluo, kwa sababu alitoka katika kundi la vijana. Huko Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, katika mtaa uitwao Kenya, palikuwa na kundi la waimbaji na wachekeshaji lililoitwa JECOKE, yaani Vijana Wachekeshaji wa Kenya. Walicheza, walichekesha, waliimba kwa sauti nyingi pamoja. Masengo alikuwa mmoja wao. Baadaye alikwenda Nairobi, na huko akajulikana kwa jina lake mwenyewe, mtu na gita lake, akiimba Kiswahili kilichoeleweka Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliimba hata katika matangazo ya biashara. Vijana wengi wa Kenya waliposikia gita la Mwenda na la Masengo katika redio walikaa chini kujifunza namna ile ya vidole viwili.

Nawaombeni mwangalie neno hili. Masengo hakufika Nairobi akiwa mtupu. Alifika akijua tayari kusimama mbele ya watu, kuchekesha, kungoja zamu yake, kuitikia. Mambo haya mtu hajifunzi chumbani na kioo. Hujifunza kati ya wenzake, na kwao ndiko kulikokuwa shule yake.

Mfano wa siku zetu watoka Goma. Innocent Balume, ambaye watu humwita Innoss'B, alizaliwa mwaka 1997, naye alianza kuimba angali mtoto mdogo katika kundi la ndugu zake lililoitwa Maisha Soul. Mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 13, alishinda mashindano ya uimbaji ya Vodacom katika nchi yetu, na tangu hapo jina lake likaanza kusimama peke yake. Mwaka 2019 alitoa wimbo wake Yope, akaurudia pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, nao ukatazamwa na mamilioni ya watu. Sisemi kwamba kila wimbo wa mtindo huo wafaa kuimbwa na mtoto wa shule; wazazi na wapime wenyewe. Nasema tu kwamba mtoto huyu hakuanza peke yake. Kabla ya jukwaa kubwa palikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba palikuwa na ndugu waliompa nafasi ya kuimba.

Wimbo ni wa nani?

Sasa nafika kwenye neno zito, lile walilolisema wenzake: "Nyimbo pia ni zetu." Wazee wengine walicheka waliposikia, wakidhani ni ugomvi wa watoto. Mimi sikucheka, kwa kuwa ugomvi wa namna hiyo umewachukua watu wazima mpaka kaburini.

Hakuna Mswahili asiyeujua wimbo uitwao Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi Nairobi miaka ya 1960, na kwa jina lake ulienea duniani. Lakini wako watu wasemao kwamba mtunzi wake ni Adam Salim, na wengine tena hutaja majina mengine. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na ubishi haujaisha. Kwa nini? Kwa sababu siku zile vijana walikaa pamoja, mmoja akaleta sauti, mmoja akaleta maneno, wa tatu akaongeza kiitikio, na hakuna aliyeandika chochote. Wimbo ulipokuwa hauna fedha, ulikuwa wa wote. Fedha zilipoingia, kila mtu akatafuta jina lake asilione.

Basi, enyi vijana mnaopiga muziki pamoja, fanyeni jambo rahisi. Nunueni daftari. Kila wimbo unapotungwa, andikeni siku, mwezi na mwaka; andikeni nani alileta maneno na nani alileta sauti; kila mmoja atie sahihi yake. Daftari hilo halivunji urafiki, bali laulinda. Na kijana anayetaka kuifanya kazi ya utunzi kwa kweli, aandikishe nyimbo zake katika chama cha haki za watunzi, ambacho hapa kwetu ni SOCODA, wala asitie sahihi katika mkataba wowote asioufahamu. Ampelekee kwanza mtu ajuaye sheria.

Sauti ya mmoja katika kwaya

Wako wanaosema kwamba kutaka kuimba peke yake ni majivuno tu, na kwamba Mkristu mwema hubaki mstarini pamoja na wengine. Sikubaliani nao. Wakumbuke kwaya ya Kamina, humu humu Katanga, ambayo Padri Guido Haazen aliikusanya katika miaka ya 1950 kwa watoto wa shule na walimu wao. Kwaya hiyo mwaka 1958 ilikwenda Ulaya, na Misa yao iitwayo Missa Luba, iliyotungwa kwa namna ya nyimbo za kwetu, ikatolewa katika santuri na kujulikana ulimwenguni kote. Katika Misa hiyo yumo mwimbaji mmoja anayepaza sauti juu ya wenzake. Alikuwa mwalimu, jina lake Joachim Ngoi. Je, alikuwa na majivuno? Hasha. Kwaya ilimhitaji aitangulie, naye aliihitaji kwaya imwitikie.

Bwana wetu alitoa mfano wa mtumishi aliyeifukia talanta yake ardhini kwa hofu. Bwana wake hakumsifu. Kijana mwenye kipaji akikifukia kwa sababu aogopa maneno ya wenzake, hafanyi unyenyekevu. Lakini mfano huo huo wasema pia kwamba talanta ilikuwa mali ya bwana, na siku ya hesabu ipo.

Basi, ikiwa kukaa si lazima na kuondoka si dhambi, yabaki kutazama namna ya kuondoka. Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Abrahamu na Loti. Mifugo yao ilikuwa mingi, malisho hayakuwatosha, na wachungaji wao walianza kugombana. Abrahamu hakungoja mpaka damu imwagike. Alimwita Loti, akamkumbusha kwamba wao ni ndugu, akamwachia achague upande autakao. Mkubwa alimpa mdogo nafasi ya kwanza. Wakaachana pasipo laana. Na baadaye Loti alipotekwa na wafalme, ni nani aliyemfuata na kumwokoa? Ni yule yule Abrahamu. Ndugu walioachana vizuri waweza kusaidiana tena.

Kijana aliporudi

Baada ya juma moja yule kijana alirudi. Nikamwambia, "Mwanangu, sikukatazi. Lakini usitoke kwa mlango wa nyuma. Una madeni matatu: gita, nyimbo na shukrani. Yalipe kwanza."

Akasema, "Mwalimu, nikiwapa gita, nitapiga nini?"

Nikamjibu, "Hilo ndilo utakalowauliza wao."

Maneno hayo hayakumpendeza. Alikaa majuma matatu bila kuja kwenye mazoezi, nami nikaogopa kwamba nimempoteza. Babaye alinijia akiwa na wasiwasi mwingine kabisa: kwake yeye si habari ya gita, ni habari ya baa. "Mwalimu," akaniambia, "muziki wa kanisani naujua mwisho wake. Wa mjini siujui." Sikuweza kumwambia kwamba anakosea. Nilimwambia tu kwamba mtoto anayetoka kwa baraka ya babaye hurudi nyumbani usiku kwa urahisi kuliko yule aliyetoka kwa ugomvi. Akafikiri, akaondoka bila kusema neno.

Jumapili ya nne, baada ya Misa, kijana alikuja uwanjani na gita limefungwa katika kitenge cha mama yake. Babaye alikuwa nyuma yake. Wenzake walikuwa wamesimama chini ya mti wa mwembe. Akaliweka gita mbele yao, akasema, "Ndugu zangu, hili ni letu sote, nami nimelikalia kama langu. Nisameheni." Kisha akatoa daftari alilokuwa ameandika nyimbo zote kumi na moja walizoimba pamoja. Nyimbo saba aliandika jina lake; katika nne aliandika majina ya wengine. Wakaanza kubishana juu ya moja kati ya zile saba. Ubishi ulikuwa mrefu, na mwishowe aliliongeza jina la mwenzake mmoja, kwa sababu kiitikio kilikuwa cha mwenzake huyo kweli.

Wakamwazima gita siku tatu kwa juma. Kwa siku nyingine anafanya kazi kwa fundi wa baiskeli, akiweka akiba ili anunue lake.

Nisiwadanganye, wasomaji wapenzi, kwamba mambo yote yamekwisha. Mmoja wa wale watano hamwamkii hata leo. Kundi nalo limebaki na pengo, na Jumapili nyingine nasikia wazi kwamba sauti ile haipo. Lakini Jumamosi jioni kijana bado huja kwenye mazoezi ya kwaya. Hakuna aliyempa sehemu ya kuimba peke yake. Husimama safu ya pili, kati ya watoto waliomzidi udogo, akiwashikia sauti ya chini ili wasipotee.

Juma lililopita nilimsikia akipiga gita nje ya sakristia akiwangojea wenzake. Kidole gumba kilishika mwendo, na kidole cha shahada kilitafuta wimbo. Bado hajaweza vizuri. Vidole viwili vile viligongana mara kwa mara. Karibu naye alikaa mmoja wa wale waliobaki katika kundi, akigonga chupa ya soda kwa msumari, taratibu, akimngojea kila alipokosa.